Kuomba katikati ya kelele za Mwaloni: hatua ninazozifuata

Bwana Yesu asifiwe. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ninaongoza kikundi cha maombi cha akina mama. Wengi huniuliza: mtu anatuliaje mbele za Mungu huku wapagazi wanapiga kelele, simu inaita na mteja wa Kongo anadai bei ya mwisho? Tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Omba kabla ya kushika simu

Soma Marko 1:32–38 taratibu. Jioni mji mzima wa Kapernaumu ulijaa mlangoni. Alfajiri Yesu akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Simoni, mvuvi wa ziwani kama ndugu zetu, akamfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Yesu hakurudi, alisema waende vijiji vya jirani. Hapo mimi hukaa sana. Alipotoka kuomba alijua la kufanya na la kuacha, hata watu walipomtaka kwa nia njema.

Basi usiishie kuomba baraka za siku. Muulize Mungu: leo niache nini? Liandike jibu juu kabisa kwenye daftari la mauzo, utaliona mchana kutwa. Simu ilale chumba kingine. Kama chumba ni hicho kimoja, izime. Robo saa inatosha kuanzia. Mwenye mtoto mchanga aombe huku ananyonyesha, Mungu anasikia.

Hatua ya 2: Beba mstari mmoja

Zaburi ya 120 hadi ya 134, zote 15, zinaitwa nyimbo za kupanda mlima. Sisi wa Igogo na Mabatini, tunaopanda mawe kila jioni kurudi nyumbani, zinatufaa mno. Anza na ya 131, ina mistari mitatu tu. Sema mstari wa kwanza ukishuka asubuhi, urudie ukipanda jioni. Usiende wa pili mpaka wa kwanza uje wenyewe hata ukiwa umechoka.

Hatua ya 3: Funga ombi kwenye kazi

Kila gunia linapowekwa kwenye mizani, sema kimoyomoyo: "Bwana, unaniona." Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Aliyeomba alfajiri kisha akachezea mizani saa nne asizisingizie kelele za soko. Mteja akikukera, rudia mstari wako kabla hujamjibu.

Hatua ya 4: Makundi ya WhatsApp

Zima milio yote, hata ya kundi la kwaya. Fungua adhuhuri na jioni. Mwenye dharura atapiga.

Hatua ya 5: Tumia siku za mbalamwezi

Mwezi ukiangaza, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi inapumzika na mzigo sokoni unapungua. Siku hizo huliwa bure na umbea. Tenga nusu siku: funga, soma Wafilipi yote kwa mkupuo, ni sura nne tu. Kisha kaa na mwenzako mmoja mwombaji, muulizane: mwezi huu nini kimekuvuta mbali na Mungu? Chagua asiyeogopa kukuambia ukweli. Muulizane wawili wawili, si mbele ya kikundi kizima, na mliyoambiana yasitoke hapo.