Picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege: anza na miti, nyumba ziache

Wanaoniletea picha za zamani za angani za Ujiji na vijiji vya Uha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, wakitafuta mahame ya ukoo wao, yaani makazi yaliyohamwa, wote hukimbilia kutafuta nyumba. Nyumba ya udongo huanguka. Mwembe hubaki.

1. Usichore juu ya picha yenyewe. Toa nakala kubwa, kisha tazama nyuma kama kuna namba au tarehe.

2. Tafuta kaskazini. Picha za upimaji hupigwa zaidi kiangazi, mawingu yakiwa machache. Kwetu Kigoma, Juni na Julai, jua la mchana hukaa kaskazini, kwa hiyo vivuli huangukia kusini. Niliwahi kushinda kutwa nikitafuta bonde la babu yangu, kumbe nimeipindua picha.

3. Pata skeli. Chagua vitu viwili vilivyopo hadi leo, kama daraja la reli na njia panda. Sentimita 6 pichani zikiwa kilomita 3 ardhini, skeli ni 1:50,000. Ufukwe usiuamini: ziwa hupanda na kushuka. Pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, leo maji yako mbali.

4. Sasa soma miti. Mwembe ni duara jeusi, zito. Mchikichi ni kama nyota ndogo. Migomba iliyotawanyika, kila kishamba na nyumba yake, ndiyo Uha ya kabla ya Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba zikiwa zimejipanga mistari kando ya barabara, hiyo ni ya baadaye. Mahame ya ukoo wako yatafute kwenye picha ya kabla ya kuhamishwa.

5. Ndipo umwendee mzee, na usimwulize "hapa ni wapi?" Bibi hajawahi kukiona kijiji chake kwa jicho la mwewe. Weka kidole chake kwenye kisima pichani, halafu mtembeze kwa kidole hicho: "Bibi, ukitoka kuteka maji ukashika njia hii, mkono wa kulia alikaa nani?" Majina yatamiminika. Yaandike anavyoyatamka, hata ya utani. Mzee wa pili muulize peke yake, siku nyingine.

6. Nenda kwenye mahame yenyewe; tafuta vigae vya vyungu na mafiga chini ya miembe. Ila pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Mgeni anayetembea na picha huku akipima kwa simu, watu hujua amekuja kudai shamba.