Kuachana bila kuvutana mahakamani: anzia barazani

Wengi huingia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa wakitaka karatasi tu, yaani hati ya kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, wakimbilie mahakamani. Mimi nawaambia: ugomvi wenu umalizieni hapo hapo.

Hatua ya 1. Nendeni baraza la kata anakoishi mume, au la jumuiya yenu ya dini kama lipo. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, mnakaa mbele ya mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano. Wakili haingii. Ndugu anaweza kukusemea, ila chagua asiye mkali kukuzidi.

Hatua ya 2. Kila mmoja aandike mali mapema. Kazi yenyewe iko hapa. Wanandoa fulani wa Kibirizi, Kigoma, mume aliandika nyumba, kiwanja na mtumbwi wa dagaa; injini akairuka. Mke hakupandisha sauti. Alifungua pindo la khanga, akatoa risiti iliyokunjwa mpaka ikawa kama hirizi, akailaza mezani. Injini ilinunuliwa kwa hela ya mawese yake. Mume akaomba kalamu.

Hatua ya 3. Watoto: wakae na nani, ada atoe nani, likizo waende wapi. Mkikubaliana, baraza liambatanishe mapendekezo hayo kwenye hati.

Hatua ya 4. Baraza halivunji ndoa, mahakama ndiyo inayovunja. Pelekeni hati ndani ya miezi 6, na ombeni makubaliano yenu yaingizwe kwenye amri.

Kama unapigwa, anzia dawati la jinsia polisi. Mambo ya meza moja yatangoja.

MASWALI

Ujiji: Mume alivuka kwenda Congo, mwaka wa nne huu, sijui alipo. Baraza litamwitaje?
– Pole dada. Ukidai mahakamani kwamba amekutelekeza na hujui aliko, unafungua shauri bila hati.

Gungu: Nimeshatoa talaka mbele ya shehe. Si yameisha?
– Ya dini shehe anayajua, kaka. Kisheria, baraza linatangulia. Likishindwa kuwapatanisha, talaka ikafuata, mahakama itaona ndoa imevunjika.

Kasulu: Sina risiti hata moja. Nimepika na kulea watoto tu.
– Hilo "tu" lifute, mama. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mumeo akiandika mabati, wewe andika miaka.