Kupima risasi kwenye sukuma wiki kwa mashine ya AAS

Juzi nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili anayepima madini ya risasi (lead) kwenye sukuma wiki za masoko ya Nairobi kwa AAS, mashine inayopima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomi zake. Sampuli zake tupu, yaani asidi isiyotiwa mboga, zilisoma risasi nyingi kuliko mboga zenyewe. Nimeandika kwa ajili ya wengine waliokwama hapo.

Hatua ya 1: Mboga
Ioshe kama inavyooshwa nyumbani, kisha isuuze kwa maji yaliyoondolewa ayoni (chembe za chumvi zilizoyeyuka). Ipime mbichi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 70, uipime tena, uisage. Andika uzito wa mbichi na wa kavu.

Hatua ya 2: Vyombo
Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sabuni haitoshi, maana risasi hung'ang'ania kuta za kioo. Loweka kila kitu kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha: flaski, bika, faneli, hata vifuniko. Suuza mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Maji ya bomba yasiguse chombo tena baada ya hapo. Kausha vikiwa vimeinamishwa na kufunikwa. Ukiviacha wazi dirishani, hasa maabara ikiwa karibu na barabara kubwa, vumbi litaingia. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini udongo wa kando ya barabara hausahau upesi. Mimi hutunza miyeyusho kwenye chupa za plastiki, si za kioo.

Kila kundi liwe na sampuli tupu tatu zinazopitia kila hatua: asidi ileile, karatasi ileile ya kuchujia, muda uleule motoni. Zikisoma juu, zitafute chanzo kimoja baada ya kingine. Anza na maji peke yake, kisha ongeza asidi, kisha karatasi. Usitoe tu usomaji wa tupu kwenye ule wa mboga na kuendelea, hasa kama zile tatu hazikubaliani.

Hatua ya 3: Kuyeyusha
Gramu 1 ya mboga kavu, mililita 10 za asidi ya nitriki kali, moto wa polepole ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Endelea mpaka moshi wa kahawia uishe na maji yawe maangavu. Yasikauke. Chuja, jazia hadi mililita 25.

Hatua ya 4: Mashine
Moto wa hewa na asetilini, kama nyuzi 2,300, huvunja chumvi na kuacha atomi huru za risasi. Lampu iliyotengenezwa kwa risasi hupitisha mwanga motoni, na atomi hizo hufyonza mwanga wa aina yao. Kadiri zilivyo nyingi, ndivyo mwanga unavyopungua. Alan Walsh wa Australia alichapisha njia hii mwaka 1955.

Tumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 283.3. Ule wa 217.0 hugundua hata kiasi kidogo zaidi cha risasi, lakini usomaji wake huyumba. Washa kirekebishi cha mwanga wa nyuma, kinachoondoa kwenye hesabu mwanga uliopotea kwa sababu nyingine isiyo risasi. Badilisha mtungi wa asetilini kabla haujaisha, kwa sababu ukipungua sana asetoni iliyomo hufuata gesi na kuvuruga moto. Wakati wa kuzima, asetilini itangulie, hewa ifuate.

Hatua ya 5: Mstari wa viwango
Soma kwanza miyeyusho ya viwango, yenye risasi ya kiasi kinachojulikana: 0, 0.5, 1, 2 na 5 mg/L, kwa kiasi kilekile cha asidi kilichomo kwenye sampuli. Rudia kusoma kiwango cha 1 mg/L baada ya kila sampuli kumi.

Hatua ya 6: Hesabu
Sampuli imesoma 0.14 mg/L, tupu 0.04. Tofauti ni 0.10. Zidisha kwa mililita 25, gawa kwa gramu 1: 2.5 mg kwa kilo ya mboga kavu. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni 0.3, lakini ni cha mboga mbichi. Ikiwa asilimia 90 ya sukuma yako ilikuwa maji, jibu ni 0.25, na mboga iko chini ya kikomo. Uzito wa mbichi usipouandika, utamharibia mama mboga biashara bure.