Somo: Kunyoosha uzi mmoja wa DNA kwa kibano cha mwanga

Assalaam alaykum wana Lamu. Kila nikija likizo naulizwa lile lile pale Mkomani: mwanga utashikaje kitu? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Vaa miwani ya kinga, ndipo uwashe leza. Mwanga wa nanomita 1064 hauonekani, na unaunguza jicho.

2. Ingiza shanga ndogo za plastiki zilizopakwa streptavidini, protini inayofanya kazi ya gundi. Lenzi ya hadubini huukusanya mwanga mahali pamoja, na ushanga ukipita hapo huvutwa na kukaa. Nasa mbili.

3. Zipeleke kwenye mkondo wa maji yenye DNA. Wengi hutumia ya virusi vya lamda: jozi 48,502 za besi (vipande vinavyounda DNA), urefu wa maikromita 16 na kitu. Ncha zake hupachikwa bayotini, molekuli ndogo inayong'ang'ania streptavidini.

4. Hakikisha umeshika uzi MMOJA. Hapa ndipo kazi za watu huharibika. Shanga kuvutana si ushahidi, maana hata nyuzi mbili huvuta. Hamia kwenye bafa tupu (maji ya chumvi yasiyo na DNA), tenganisha shanga polepole, macho kwenye nguvu. Ni kama mshipi wa kuvulia: ukilegea hakuna kitu, ukikaribia kunyooka nguvu inapanda ghafla. Endelea kuvuta. Kwenye pikonyutoni (kipimo cha nguvu ndogo mno) 65 hivi uzi mmoja huanza kurefuka bila nguvu kuongezeka, hadi karibu mara 1.7. Hatua hiyo ikija karibu na 130, umeshika mbili: tupa, anza upya, na DNA uizimue zaidi. Wala usiuache uzi kwenye leza muda mrefu. Oksijeni ya majini ikichochewa na mwanga huukata.

5. Sasa nenda mkondo wa protini unayotaka kuona ikiushika uzi.

MASWALI

Wa Langoni: Miwani ni lazima?
Jibu: Hatua ya 1.

Juma K: Mbona shanga zangu zimevutana na wewe wasema si ushahidi?
Jibu: Sababu nimeiandika hapo hapo. Soma ya 4 yote.

Binti Shela: Kaka, protini huioni. Utajuaje imeshika?
Jibu: Umeuliza la maana, mdogo wangu. Tazama urefu. Histoni, protini zinazofunga DNA ndani ya seli, huukunja uzi, ukawa mfupi. RecA, protini ya bakteria ya kutengeneza DNA iliyoharibika, huurefusha kama mara moja na nusu. Na mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walishika polimerasi ya RNA yenyewe, protini inayonakili DNA kuwa RNA, wakaiona ikisogea jozi moja moja, nanomita 0.34 tu kila hatua. Nikilisoma hilo hadi leo nasisimka.

Mwanafunzi Malindi: Kibano alikianza nani? Na sisi tusio na leza?
Jibu: Arthur Ashkin, maabara ya Bell Labs, Marekani, 1986, Nobeli akapewa 2018, akiwa na miaka 96. Wewe anza na kuiona DNA: ponda ndizi mbivu, tia maji, chumvi na sabuni ya vyombo, chuja, mimina spiriti baridi taratibu pembeni ya glasi. Nyuzi nyeupe zitapanda juu.

Mama Amu: Kuchuja, kifumbu kitafaa?
Jibu: Bi, kifumbu kitapitisha makapi. Kitambaa cha pamba ni bora, na spiriti ilale kwenye friza.