Risasi inatoboa karatasi ikiwa imelala ubavu? Usiuhukumu mtutu kwanza

Kuna mzee mmoja wa Moshi alinipigia simu, hata salamu hazijaisha ananiambia kijana, mtutu wangu umekufa, fundi kasema niagize mwingine. Nikamwambia shikamoo mzee, usiagize kitu, wewe njoo Arusha na bunduki, na risasi ulizopigia, na zile karatasi za shabaha usizitupe. Akaja na gari ya mwanae. Kufungua karatasi nikacheka, tundu saba kati ya kumi zilikuwa ndefu, zina umbo kabisa la risasi iliyolala, kama vile mtu amebandika dagaa akawabandua.

Hiyo ndo dalili yenyewe. Risasi nzima inatakiwa iache tundu la duara. Ndani ya mtutu kuna mistari iliyojisokota, inaishika risasi na kuizungusha, na ni kama pia tuliyokuwa tunacheza utotoni, ikizunguka vizuri inasimama, mzunguko ukiwa mdogo inayumba mpaka inalala. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja tu, kwa nini risasi yangu haizungushwi vya kutosha, au nini kinaisukuma upande ikishatoka?

Kabla ya yote bunduki iwe tupu. Toa risasi, toa bolti, chungulia na tochi kutokea nyuma. Chungulia kweli sio kwa kujifanya, maana huku kwetu bunduki ikikaa kabatini miezi nyigu wa udongo anajenga nyumba mle ndani na hujui, na mtutu wenye kitu ndani ukiupiga unavimba au unapasuka mbele ya uso wako. Vilevile ukiwa uwanjani ukasikia mlio dhaifu usio wa kawaida, acha hapohapo, inawezekana kichwa cha risasi kimebaki njiani, ukipiga ya pili juu yake umeharibu kila kitu ukiwemo wewe.

Haya, rudi kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, weka katoni ngumu, karatasi legelege inachanika vibaya inakudanganya. Piga mita 25, halafu 50, halafu 100. Kama ni tundu moja tu limelala kati ya kumi na mbele yako kuna majani au kijiti, basi risasi imegusa kitu, mtutu hauna kosa, fyeka majani. Kama zinakuja na umbo la yai kidogo tu, risasi iko mpakani, inayumba ila haijaanguka. Kama zimelala kabisa hata kwa karibu, risasi na mtutu haviendani au mtutu umechakaa sana.

Sasa soma maandishi ya kwenye mtutu na ya kwenye boksi la risasi, neno kwa neno. Najua unajiona unaijua bunduki yako, soma tu. Zile bunduki za .303 za zamani, za enzi za mkoloni, watu wanazichanganya sana, mtu anasikia .303 na .308 anaona ni ndugu, kumbe kichwa cha .303 kina upana wa inchi 0.311 hivi na cha .308 ni 0.308 kamili. Mtu aliyejaziwa ganda la .303 kwa kichwa chembamba cha .308 atalia, kinapita mle hakishikwi na mistari, kinatoka kimelewa. Sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi unaziona ndogo, kwa risasi ni nyingi mno.

Boksi likiwa sawa, safisha. Hapa wengi ndo wanapona. Mtutu wa .22 unajaa madini laini ya plumbi, raifo kubwa zinajaa shaba, mistari inafunikwa hakuna kinachoshika. Tumia ufito mzuri, ingiza kutokea nyuma, sio mdomoni, tia dawa ya kutoa shaba, subiri kama ilivyoandikwa kwenye chupa, pitisha vitambaa. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu au kijani bado kuna shaba, rudia. Ila angalizo, ukitumia brashi ya shaba dawa inaila brashi yenyewe na kitambaa kitatoka kijani mpaka Krismasi, wewe unasugua tu, tumia ya nailoni. Na kama ulipiga risasi za zamani sana, zile fataki zake, viwashio vya nyuma ya ganda, zinaacha chumvi inayovuta unyevu, na masika ya huku unayajua, pitisha maji ya moto kwanza, kausha vizuri, ndo utie mafuta.

Bado? Basi pima msokoto, na hapa ndo kesi ya yule mzee ilipoishia. Chukua ufito wenye mpini unaozunguka wenyewe, funga kitambaa kinachobana, sukuma mpaka kibane, weka alama ya kalamu juu ya ufito sambamba na mwisho wa mtutu, halafu sukuma taratibu mpaka alama izunguke na kurudi juu tena. Pima umbali uliosukuma. Ya mzee ni .223, ikatoka inchi 12, maana yake risasi inazunguka mara moja kila inchi 12. Nikamuuliza mzee, risasi hizi umetoa wapi? Anasema alinunua nzito za greni 75 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) maana muuzaji kamwambia nzito ndo zinapiga sawa, zamani alikuwa anatumia 55.

Kuna hesabu ya Mwingereza George Greenhill ya mwaka 1879, mpaka leo inasaidia: chukua upana wa risasi kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe, zidisha mara 150 (kwa risasi za kasi kubwa weka 180), gawanya kwa urefu wa kichwa cha risasi. Ya mzee ni ya kasi kubwa, tunaweka 180. Ya greni 55 ina urefu wa inchi 0.74 hivi, jibu linakuja 12, mzee yuko salama. Ile ya 75 ina karibu inchi moja, jibu linakuja 9, yaani inataka mzunguko mmoja kila inchi 9. Mtutu wake wa 12 utaizungusha na nini? Na shika hili, kinachosumbua ni urefu, uzito unafuata tu. Ndo maana vichwa vya shaba tupu visivyo na plumbi vinawachanganya wawindaji, greni ni zilezile ila kichwa ni kirefu zaidi.

Hewa nayo imo. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haisumbui sana pua ya risasi. Mtutu wa mpakani ukipiga sawa hapa usishangae ukishuka nao Tanga tundu zinaanza kuwa mayai. Wamarekani yaliwakuta hayo na bunduki zao za jeshi, M16 za mwanzo, miaka ya 1960, msokoto ulikuwa 1 kwa 14 (mzunguko mmoja kila inchi 14), kwenye baridi kali hewa nzito risasi zikayumba, wakahamia 1 kwa 12.

Kama yote yako sawa ndo uangalie mdomo wa mtutu. Pitisha pamba ya masikio kutoka ndani kuja nje kuzunguka ukingo wote, ikinasa nyuzi kuna mkwaruzo, gesi inatoka upande mmoja mapema inaipiga risasi kofi. Chalii zangu mnaobeba bunduki mdomo chini kwenye sakafu ya Land Cruiser kwenye barabara ya vumbi, nawaangalia nyie. Fundi bunduki mwenye leseni anaukata upya, sio kazi ya msumeno nyumbani. Kama kuna sailensa, kile kipunguza mlio cha mdomoni, itoe upige tena, ikikaa upande risasi inaigusa ikitoka. Ukifika mpaka hapo na bado zinalala, koo la mtutu, pale mistari inapoanzia, limeliwa, hilo fundi ataliona kwa kamera, na hapo ndo uagize mwingine.

Mzee alirudi na greni 55, tundu kumi za duara. Lile boksi la 75 alilirudisha dukani, wakamwambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi.