Kumpata kaa wa gamba laini aliye bora kwenye mikahawa ya Kiasia Mombasa

Kaa wa gamba laini si aina ya kaa. Ni kaa aliyetolewa majini punde tu baada ya kujivua gamba. Kaa hakui bila kujivua: gamba kuukuu hupasuka kwa nyuma, yeye hujitoa kinyumenyume, hunywa maji akatanuka, na saa chache baadaye gamba jipya huanza kukaza. Akitolewa majini mapema na kutiwa kwenye baridi, kukaza huko husimama. Ndiyo maana wafugaji humweka kila kaa kwenye kisanduku chake na kuwakagua mchana na usiku. Akichelewa kuonekana, gamba huwa gumu kama karatasi nene, na hapo hakuna mpishi awezaye kulirudisha.

Kaa wetu wa mikoko, wa Tudor, Port Reitz na Mtwapa, hunaswa akiwa na gamba gumu. Mvuvi humfuata tunduni mwake maji yakishatoka, akamvuta kwa fimbo yenye ndoana. Kaa aliyejivua karibuni hujificha na si rahisi kumfikisha sokoni akiwa bado laini. Basi unayemkuta kwenye menyu ya Kichina, Kithai au Kijapani huko Nyali au mjini, mtarajie awe amegandishwa na kuletwa kutoka nchi zinazomfuga kwa wingi: Thailand, Myanmar, Vietnam, Indonesia. Hilo lisikukatishe tamaa. Aliyegandishwa haraka na kufungwa mmoja mmoja kwenye plastiki ni bora kuliko "fresh" aliyelala kwenye friji siku tatu. Ukiambiwa ametoka Mtwapa asubuhi hii, omba uonyeshwe kabla hajapikwa. Jiko lililo naye kweli halitakasirika.

Piga simu kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu chakula hiki huandikwa kwenye menyu hata miezi ambayo hakipo. Uliza hivi: "Samahani kaka, kaa wa gamba laini yupo leo? Ni mzima au vipande? Mmoja ana gramu ngapi? Sahani moja huwa na wangapi?" Mhudumu asiyejua aende akamuulize mpishi, jibu la kubahatisha halikusaidii. Kaa wa gramu 80 hadi 100 anamtosha mtu mmoja kwa kuanzia. Chini ya gramu 60 utakula unga wa kukaangia zaidi kuliko kaa. Wakubwa, wa gramu 150 na zaidi, wana nyama nyingi lakini gamba lao hutafunika kwa shida zaidi, kwa hiyo wanafaa wakikatwa vipande na kutiwa kwenye mchuzi. Bei nayo iulize ni ya kaa mmoja au ya sahani.

Mkahawa usioujua, anza na sahani kavu: kaa wa chumvi na pilipili kwa Wachina, au wa kitunguu saumu na pilipili manga kwa Wathai. Hapo hakuna mchuzi wa kuficha kitu. Unga aliopakwa uwe mwembamba kiasi cha kuiona miguu na magando yake. Mkate katikati uangalie. Tumbo linatakiwa liwe na unyevu mzito wenye mafuta ya manjano, nyama nyeupe, na gamba linalokatika kwa jino moja bila kuvutana. Huliwa mzima, magando na yote. Jikoni huondolewa macho na mdomo, matamvua (viungo vyake vya kupumulia) yaliyo chini ya gamba la mgongo, na kile kifuniko cha tumboni.

Kasoro zina sababu zake, na ukizijua hutababaishwa. Gamba linalovutika kama ngozi: kaa alichelewa kutolewa majini, na kosa hilo lilifanyika shambani. Maji yanayomwagika sahanini ukimkata: hakuyeyushwa vizuri. Alipaswa kulala kwenye friji usiku mzima, akabanwa taratibu na kukaushwa kwa kitambaa kabla ya kupakwa unga. Aliyeyeyushwa kwa haraka hubaki na barafu tumboni, akaupoza moto wa mafuta, unga ukanyonya mafuta na kulegea. Mafuta yanayofaa ni ya nyuzi 170 hadi 180 za selisiasi, na kaa wa gramu 80 huiva kwa dakika tatu au nne. Uchungu hutoka kwenye matamvua yaliyosahaulika, au kwenye kitunguu saumu kilichoungua. Harufu kali ya amonia, inayopanda puani, ni ya kaa aliyeharibika: mrudishe, usimwonje mara ya pili.

Sahani kavu ikipita mtihani, ndipo uagize ya mchuzi. Tunayoipenda kuliko zote ni ile ya Kithai ya bizari na mayai: kaa hukaangwa kwanza, kisha hurudishwa karaini na bizari, maziwa au tui, mayai yaliyopigwa, seleri na vitunguu vya majani. Mtu wa Pwani ataijua ladha yake mara moja. Mayai yawe laini, yameshika kaa. Yakiwa magumu na mafuta yametengana, karai lilikaa motoni kupita kiasi. Kula na wali mweupe. Ya pili ni ya pilipili ya Singapore, tamu na kali, iliyoshikwa na yai. Hapa omba mchuzi uletwe kando, kwani ndani ya dakika chache ule ukavu wa kaa huwa umekwisha.

Kwa Wajapani agiza tempura, yaani kaa aliyepakwa unga mwepesi akakaangwa, au ule mviringo wa wali wenye kaa ndani, uitwao spider roll. Vipande vya pembeni vinatakiwa kutoa miguu nje. Usipoiona miguu, angalia ndani: vijiti vyeupe vyenye rangi nyekundu juu ni samaki aliyesagwa na kutiwa ladha ya kaa, na havistahili bei hiyo.

Nenda mapema, saa moja jioni hivi, wakati mafuta bado hayajachoka na jiko halijaelemewa. Usimwagize kwa bodaboda. Kwenye kifurushi kilichofungwa mvuke wake mwenyewe humlegeza kabla hajavuka Daraja la Nyali.

Wenye kuchunga halali waulize mambo mawili ambayo menyu haisemi: je, kaa anakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa nguruwe, na je, mchuzi una divai ya mchele, kama Shaoxing ya Wachina au mirin ya Wajapani. Mwenye mzio wa kamba au kamba-mti asimguse kaa huyu kabisa, hata akiwa laini namna gani.

Ukikuta hayupo, usiondoke. Agiza kaa wa mikoko wa kwetu, yule mgumu, apikwe Kichina kwa tangawizi na vitunguu vya majani, na uombe umchague angali hai. Chukua aliye mzito kuliko umbo lake. Mbonyeze upande wa chini, karibu na mzizi wa mguu wa nyuma: akibonyea, huyo ni mtupu, amejivua si muda mrefu, na ndani utakuta maji badala ya nyama. Ukitaka magando makubwa chukua dume, mwenye kifuniko chembamba cha pembetatu tumboni. Jike kifuniko chake ni kipana na cha mviringo. Apasuliwe magando kabla ya kuingia karaini, la sivyo mchuzi utabaki nje ya gamba, nawe utalipa bei ya kaa wa tangawizi kwa kaa wa kuchemsha.