Somo: Kufika meza ya mwisho kwenye poka ya nyumbani

Wadau, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Wengi mmeniomba somo hili tangu niliposema nimefika meza ya mwisho mara tatu mfululizo. Sina uchawi. Nilitoka mapema karibu mwaka mzima, waja leo waondoka leo, mpaka nilipokaa na karatasi na kalamu.

Kwanza mjue tunavyocheza. Ni Texas Hold'em (kila mtu ana karata mbili mkononi, na tano za wote zinafunguliwa mezani), watu 16, meza mbili; wakipungua, waliobaki wanakaa meza moja, ndiyo meza ya mwisho. Kete ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, hela haziwekwi. Tunaanza saa 2 usiku, kila mtu ana 3,000. Blaindi, yaani dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya mgao, mmoja ndogo na mwingine kubwa, zinaanza 25/50, halafu kila dakika 20 zinapanda: 50/100, 75/150, 100/200, 150/300, 200/400, 300/600, 400/800. Ni kasi, najua. Mwenye nyumba anataka geti lifungwe saa 6.

Hatua ya 1: Hesabu mizunguko, usihesabu rundo

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzunguko mmoja wa meza ya watu wanane ni migao minane, na kila mzunguko unalipa blaindi ndogo mara moja na kubwa mara moja. Mwanzoni hiyo ni 75. Ukigawanya 3,000 kwa 75 unapata mizunguko 40, unajiona tajiri, unaagiza kahawa. Lakini nyumbani tunagawa polepole: mmoja anapokea simu, mwingine anasimulia mechi ya Coastal Union, mgao mmoja unakula dakika mbili na nusu. Migao minane ni dakika 20. Maana yake kila mzunguko blaindi zimeshapanda! Sasa jumlisha unacholipa bila kucheza hata mara moja: 75, 150, 225, 300, 450, 600, 900. Jumla 2,700. Ikifika saa 4 na dakika 20 umebaki na 300, na blaindi kubwa ni 800. Mizunguko 40 imegeuka saba.

Na ndani ya mizunguko hiyo saba unagawiwa mara 56 tu. Jozi ya ree huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Hata ukisubiri ree, kingi au kwini zikiwa jozi, ni mara moja katika 74 hivi. Mimi nilikuwa nasubiri hizo. Nilikuwa nasifiwa kwa subira huku vizibo vinakwisha.

Hatua ya 2: Saa ya kwanza, cheza kidogo

Blaindi ni ndogo, hata wenzako wakilaza (wakitupa karata zao) hakuna cha maana cha kuokota. Ingia na karata nzuri, hasa ukiwa wa mwisho kuongea, maana umeshawaona wenzako wamefanya nini. Yule anayefuata kila kitu, yaani kulipa kila dau la mwenzake "nione tu", ndiye anayewalisha wengine.

Hatua ya 3: Jua bei ya kusubiri karata

Una shupaza mbili mkononi, mbili nyingine ziko mezani, unasubiri ya tano, maana karata tano za aina moja ni mkono mzuri. Kati ya 13, zimebaki tisa. Zidisha kwa mbili: karibu asilimia 18 kwa karata moja ijayo. Zikibaki karata mbili, zidisha kwa nne: 36, na ukweli ni 35 hivi. Ukiambiwa ulipe nusu ya kete zako kwa karata moja, laza.

Hatua ya 4: Ukibaki na blaindi kubwa kumi, acha kufuata

Tuseme ni 200/400 nawe una 4,000. Wote wamelaza mpaka kwako, na nyuma yako wamebaki wachache tu wa kuongea. Ukiwa na ree yoyote, jozi yoyote, au kingi na kwini, weka zote. Wakilaza wote unaokota 600, yaani asilimia 15 ya ulichonacho, bila hata karata kufunguliwa. Wakikufuata, bado una nafasi: jozi ya nane dhidi ya ree na kingi ni karibu nusu kwa nusu. Kuingia kwa kufuata tu 400 halafu ukalaza ni kujichuna ngozi mwenyewe.

Hatua ya 5: Wenzako unawajua, nao wanakujua

Kuna mzee mmoja kwetu akianza kuimba chinichini taarabu ya Black Star, laza hata jozi ya kwini. Lakini nami waligundua kwamba nikipiga mkwara (nikijifanya nina karata nzuri) naongea sana. Siku hizi naongea muda wote.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Raskazone: Kaka, mimi ni mwanamke pekee mezani. Nikipandisha, wananifuata wote. Mkwara wangu haufanyi kazi.
Jibu: Basi dada, usipige mkwara kabisa. Mtu anayefuata kila kitu hatishiki, analipishwa. Subiri uwe na jozi ya juu, pandisha kikubwa kuliko kawaida yako, waache wafuate. Wiki mbili tu wataanza kukuogopa, hapo ndipo mkwara utafaa.

Mdau wa Pangani: Nikibaki na kizibo kimoja nijiondokee nikale?
Jibu: Kaa hapohapo. Jack Straus alitwaa ubingwa wa dunia kule Las Vegas mwaka 1982 baada ya kubaki na chipu moja.

Mdau wa Chumbageni: Shekhe, hii si kamari?
Jibu: Zamani watatu wa kwanza walikuwa hawachangii chakula. Mwenzetu mmoja akasema hiyo ni kamari iliyovaa kanzu, tukanyamaza, maana alikuwa sahihi. Sasa wote tunachanga sawa, mshindi anachagua tu tule pweza wa nazi au biriani. Yeye bado hachezi. Anagawa karata, na ndiye mgawaji mwepesi kuliko wote. Na kwa kuwa anayefaidi ni mmoja, kujibana ili uwe wa tatu hakuna maana tena. Mkibaki watatu, shambulia.

Mdau wa Pangani tena: Umeme ukikatika katikati ya mgao?
Jibu: Saa inasimama, karata zinalazwa kifudifudi, mikono juu ya meza. Tochi ya simu anawasha mgawaji peke yake. Tuliweka sheria hii baada ya giza la dakika moja kumalizika na ree tano mezani.